Zabibu za Hatib

Imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kwamba Umar bin Khattab, khalifa wa pili, alimpitia Hatib bin Abi Baltaa akiuza zabibu katika soko la Madina, akampa mambo mawili achague: apandishe bei, au aliondokee soko. Habari yenyewe haizidi mistari michache, lakini imewashughulisha wanazuoni kwa zaidi ya karne kumi na mbili, kwa kuwa inakwenda kinyume na visa tulivyovizoea. Mlanguzi tunayemjua ni yule anayefungia nafaka ghalani mpaka watu walie njaa, na hukumu yake haina mzozo. Hatib hakuficha kitu. Aliweka zabibu zake hadharani, akaziuza rahisi, na mnunuzi akaenda zake amefurahi. Imamu Shafi anaipokea habari hiyohiyo kwa urefu zaidi: Hatib alikuwa na magunia mawili, na Umar alikuwa amesikia kwamba msafara uko njiani kutoka Taif umebeba zabibu, na wenye msafara watapimiwa mali yao kwa bei ya Hatib. Kisha, anasimulia Shafi, Umar alirudi akajihesabu nafsi yake, akamfuata Hatib nyumbani kwake, akamweleza kwamba aliyoyasema hayakuwa amri wala hukumu, ila alikuwa amewatakia heri watu wa mji. Basi na auze apendapo na apendavyo. Waislamu wengi wa pwani yetu ni wa madhehebu ya Shafi, kwa hiyo jawabu walilorithi ni hili la pili: mwenye mali ana haki ya kuiuza rahisi.

Naanza na zabibu hizo kwa sababu swali la Umar limerudi, na safari hii magunia si mawili. Tangu ugatuzi uanze nchini Kenya mwaka 2013 na fedha za umma zianze kufika makao makuu ya kaunti, supamaketi kubwa zimezidi kutoka Nairobi na Mombasa na kupiga hodi katika miji kama Machakos, Kitui na Kisii, miji iliyokuwa imezoea duka la rejareja, kibanda na soko la wazi. Siku ya ufunguzi hotuba huwa za bei na ajira, na foleni ndefu mlangoni huhesabiwa kuwa kura. Lakini je, bei ya chini peke yake inatosha kuifanya biashara kuwa ya haki? Nasema haitoshi, na sisemi hivyo kwa kuwaonea huruma wenye maduka, ingawa huruma wanaistahili. Bei hupatanwa na watu wawili. Soko ni la mji mzima, wakiwamo watu ambao hawakuwapo pale mapatano yalipofanywa.

Kwanza bei ya chini ipewe haki yake, maana wengi wanaoitetea biashara ndogo huipita haraka. Wachumi David Atkin, Benjamin Faber na Marco Gonzalez-Navarro walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wao juu ya kuingia kwa supamaketi za kigeni nchini Meksiko, ambako Walmart ndiyo iliyotangulia wengine. Waligundua kwamba kaya ya wastani ilipata nafuu inayolingana na takriban asilimia 6 ya mapato yake. Matajiri walifaidika kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko maskini, na wenye maduka ya zamani pamoja na wafanyakazi wao waliona mapato yakishuka, ila ukizijumlisha kaya zote, faida iliishinda hasara. Asilimia 6 katika nyumba ya mshahara mdogo ni karo iliyolipwa kwa wakati, ni mafuta ya kupikia yanayofika mwisho wa mwezi. Anayemwambia mama wa watoto wanne anunue unga ghali ili duka la jirani lisifungwe anamtoza zaka ambayo dini yoyote ingeanza kwa kumsamehe. Hoja yoyote dhidi ya duka kubwa ambayo haiwezi kumtazama mama huyo usoni haifai kuandikwa.

Hasara nayo ina ushahidi wake, na ushahidi wenyewe una mambo ambayo hayaonekani kwa jicho la kwanza. Profesa Kenneth Stone wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, alifuatilia kwa miaka mingi mauzo katika miji midogo ya jimbo lake, kuanzia miaka ya 1980, Walmart ilipoingia huko. Aliona kwamba katika mji uliopata duka hilo jipya, mikahawa na maduka yenye bidhaa za aina nyingine yaliweza kunufaika na wageni waliokuja kununua. Waliouza bidhaa zilezile waliumia. Walioumia kuliko wote walikuwa majirani: miji midogo ya kandokando ambayo haikupata duka, wala ajira, wala ushuru, bali iliwaona wateja wake wakipanda magari kwenda kununua kwingine. Kuhusu ajira wataalamu hawajapatana. Emek Basker, katika makala ya mwaka 2005, aliona ongezeko dogo la kazi katika wilaya zilizopata Walmart. David Neumark na wenzake, mwaka 2008, walikadiria kwamba kila mfanyakazi mmoja wa Walmart alichukua nafasi ya wafanyakazi 1.4 wa rejareja. Sitaki kujenga hoja yangu juu ya mzozo huo. Naijenga juu ya ile miji jirani. Watu wake hawakuulizwa, hawakutia saini, na gharama iliwafika hata hivyo. Ndio wenye msafara wa Taif.

Sasa tuje kwenye duka la mtaani, lile ambalo mwenyewe nchini Tanzania huitwa Mangi hata kama hajatoka Kilimanjaro. Huuza nini? Ukitazama rafu utasema sabuni, sukari, majani ya chai. Lakini chini ya meza kuna daftari, na daftari ndilo linaloeleza biashara yenyewe. Mteja anaandikiwa leo, analipa mshahara ukitoka au mahindi yakiuzwa. Anapimiwa mafuta ya vikombe viwili, anakatiwa kipande cha sabuni, anauziwa sukari ya robo. Methali yetu inasema mali bila daftari hupotea bila habari; daftari hili linafanya kazi zaidi ya kuhifadhi mali, maana kila jina lililomo ni hukumu ya mtu juu ya mtu: huyu ni mwaminifu, huyu amefiwa tumvumilie, yule asipewe tena. Hukumu hiyo huzaliwa na miaka ya kuishi mtaa mmoja, na bidhaa yenyewe haipatikani kwenye bohari lolote. Ila ina gharama. Wapo wasiolipa, na fedha iliyolala kwenye daftari haiwezi kununua mzigo mpya. Nani hulipa gharama hiyo? Hulipwa na mteja wa fedha taslimu, mwalimu au karani anayenunua kapu zima mwisho wa mwezi kwa bei iliyozidi kidogo. Bila kujua, na pengine bila kutaka, alikuwa akimbeba jirani yake asiye na kitu mfukoni katikati ya mwezi.

Duka kubwa linapokuja, huyo mteja wa taslimu ndiye wa kwanza kuhama, na anahama kwa akili timamu. Mwenye duka anabaki na daftari bila kile kilicholibeba. Kwa macho ya nje inaonekana ameshindwa biashara, kwamba bei zake ni mbaya na rafu zake ni tupu, kumbe ameondolewa sehemu ya shamba iliyokuwa ikilisha pembezoni mwake. Neno pembezoni nimelichagua kwa makusudi. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni kabisa na kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni, na ndivyo Ruthu alivyopata chakula katika shamba la Boazi. Katika Qur'ani, Sura Al-Qalam inasimulia wenye bustani walioapa kuvuna alfajiri na mapema ili maskini asiwahi kuingia, wakaikuta imeteketea. Inafaa kuangalia kwa makini wanacholaumiwa. Bustani ilikuwa yao, na hawakuiba kitu cha mtu. Kosa lao lilikuwa kuvuna kwa ukamilifu. Mfumo wa duka kubwa ni uvunaji mkamilifu kuliko wote: kila senti inaonekana kwenye kompyuta, kila rafu inapimwa kwa faida yake, na hakuna ncha inayoachwa, kwa kuwa hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuiacha. Meneja wa tawi anaweza kuwa mcha Mungu wa kweli, lakini hana ruhusa ya kumwandikia mjane kilo ya unga.

Najua nitakachoambiwa: simu imelibadili daftari. Mkopo wa M-Shwari ulianza Kenya mwishoni mwa mwaka 2012, na Fuliza ikafuata mwaka 2019. Aliyeishiwa hahitaji kumwomba mwenye duka, anabonyeza tu. Ni kweli, na kwa mwenye haya ya kukopa mbele za watu ni afueni. Lakini tazama kilichobadilika. M-Shwari ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Deni la duka kwa kawaida halikuongezeka hata shilingi moja likichelewa. Faida ya muuzaji ilikuwa ndani ya bei ya sukari, na bei hiyo ililipwa na tajiri na maskini sawasawa. Sasa bei ya sukari imeshuka kwa wote, na gharama ya kukosa imehamishiwa kwa anayekosa peke yake, tena kwa sura ambayo Mwislamu atauliza kama si riba na Mkristo akumbuke kwamba Kanisa lake lilibishana juu yake kwa karne nyingi. Jumla ya fedha iliyookolewa na mji inaweza kuwa kubwa kuliko ada zote za simu. Hata hivyo uzito umetoka mabegani mwa wengi ukawekwa juu ya mmoja, na jumla haiwezi kutuonyesha hilo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba duka la mtaani si shamba la Boazi. Mizani ya baadhi yao imepinda, na sukari ya robo ukiipiga hesabu kwa kilo ni ghali kuliko ya supamaketi, ili maskini alipe zaidi kwa kuwa maskini. Daftari lenyewe ni kamba, maana anayedaiwa hawezi kulalamika juu ya unga uliooza. Yote haya ni kweli, na vitabu vyote viwili, Biblia na Qur'ani, vinailaani mizani ya udanganyifu kwa maneno makali kuliko vinavyolaani bei. Sitetei watu watakatifu. Ninachotetea ni mpangilio ambamo muuzaji na mnunuzi wanaweza kukutana msikitini, kanisani au matangani, na ambamo aliyepunjwa anajua mlango wa kuubisha. Mizani iliyopinda ina dawa: ukaguzi wa vipimo, ambao serikali imeacha ulale. Duka lililofungwa halina ukaguzi wa kulifufua.

Pingamizi jingine ni la kifalsafa, nalo ndilo jawabu la Shafi kwa maneno ya kisasa: hakuna mwenye haki ya kummiliki mteja. John Stuart Mill alieleza jambo hili katika kitabu chake juu ya uhuru mwaka 1859: anayeshinda katika mashindano humuumiza anayeshindwa, na jamii haikubali kwamba maumivu hayo peke yake ni dhuluma, isipokuwa ushindi umepatikana kwa hila, usaliti au mabavu. Kenya yenyewe ina ushahidi mzuri kwa upande huu. Supamaketi ya Nakumatt ilianzia Nakuru, na jina lake limetokana na mji huo na magodoro yaliyouzwa pale. Tuskys na Naivas nazo zilichipuka katika maduka ya familia ya upande huohuo wa Bonde la Ufa. Majitu haya yalikuwa maduka madogo. Ungeyazuia kukua kwa haki gani?

Nakubali kanuni ya Mill yote, pamoja na sharti lake, kwa sababu sharti ndilo linalosahauliwa. Bei ya chini ina mizizi zaidi ya mmoja. Kuna inayotokana na ustadi: kununua kwa wingi, kupanga malori vizuri, kupunguza mali inayooza. Hiyo ni halali kama jasho. Kuna inayotokana na nguvu juu ya mgavi: kumcheleweshea malipo kwa miezi, kumdai punguzo baada ya mzigo kufika, kumtaka alete watu wake kupanga rafu kwa gharama yake. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilitangaza kuitoza kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kwa matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi dhidi ya wagavi wawili, mmoja wa asali na mwingine wa mafuta ya kula; kampuni iliupinga uamuzi huo. Mtume alikwisha kukataza kuupokea msafara nje ya mji kabla haujafika sokoni na kujua bei, na sababu iko wazi: ununuzi unaweza kuwa wa hiari kwa sura na wa kulazimishwa kwa ndani. Na kuna bei ya mzizi wa tatu, ya mwenye mtaji mrefu anayeweza kuvumilia hasara mpaka wenzake wafunge. Mwenye kuyatazama mashindano hayo na kuyaita ya haki anaangalia mstari wa kumalizia tu.

Kisha kuna suala la kuondoka, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mji wa Oriental, jimbo la North Carolina, una watu wapatao 900. Walmart ilifungua duka dogo hapo mwaka 2014. Mwaka uliofuata duka la vyakula la familia lililouhudumia mji huo kwa zaidi ya miaka 40 likafungwa. Januari 2016 Walmart ikatangaza kufunga maduka 154 nchini Marekani, na lile la Oriental likiwamo. Mji ukabaki bila la zamani wala jipya. Hapakuwa na ubaya wa kukusudia. Makao makuu yalipiga hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi. Sisi tumeona kwa ukubwa zaidi: Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018 ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30, na miaka miwili baadaye wadai walikubali ivunjwe. Tuskys ikafuata njia hiyohiyo. Mwenye duka akifilisika, mtaa mmoja hutafuta duka jingine. Jitu likifilisika, wagavi wanaanguka nalo, na maduka ambayo yangeziba pengo yalikwisha kufa mapema. Bei ya chini ya miaka mitano haikuandikwa popote pamoja na hatari hiyo, ingawa mji ndio ulioibeba tangu siku ya kwanza.

Yanayozungumzwa hadharani kwetu mara nyingi hukwepa yote haya na kukimbilia uraia. Mapema mwaka 2023, duka la China Square lilipofunguliwa kwenye barabara ya Thika na kuuza vyombo vya nyumbani kwa bei ambazo wafanyabiashara wa Nairobi hawakuziweza, waziri aliingilia, duka likafungwa kwa muda, wafanyabiashara wakaandamana, kisha duka likafunguliwa tena. Swali likawa Mchina au Mkenya. Lakini mgavi asiyelipwa hapati nafuu yoyote kwa kujua kwamba asiyemlipa ni mwananchi mwenzake, na zabibu za Hatib hazikuwa za mgeni.

Narudi kwake. Katika mapokezi ya Shafi kuna jambo dogo ambalo naliona kuwa ufunguo: hata alipomkataza, Umar alimruhusu Hatib achukue zabibu zake akauzie nyumbani kwa bei aitakayo. Haki ya kuuza haikuguswa hata kidogo. Kilichowekewa sharti ni mahali sokoni, kwa sababu mahali hapo palikuwa pa mji. Umar alipojirudi aliliondoa katazo, akabaki amelitaja lengo lake kuwa ni heri ya watu, na sioni popote alipolijutia lengo lenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kukataa serikali kupanga bei, kama nami ninavyokataa, na bado akadai kwamba mlango wa soko uwe na masharti. Afrika Kusini ilifanya hivyo Walmart ilipoinunua Massmart: mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya ushindani iliruhusu ununuzi, lakini ikaagiza wafanyakazi 503 warudishwe kazini na kuundwa mfuko wa kuwainua wagavi wadogo. Mwaka 2019 uchunguzi wa Tume ya Ushindani ya huko ulipendekeza kukomeshwa kwa mikataba ya pango inayolipa duka kubwa nguvu ya kuwazuia wadogo wasiingie katika jengo moja nalo.

Kenya haihitaji kutunga mamlaka mapya kwa ajili hiyo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti masoko, leseni za biashara na desturi za haki katika biashara. Afisa anayepokea ombi anaweza kuuliza mgavi wa hapa atalipwa baada ya siku ngapi, jengo litakuwa huru kwa nani siku kampuni ikiondoka, ni kiasi gani cha mboga na maziwa kitanunuliwa kwa wakulima wa eneo hilo, na mji jirani utaarifiwa vipi.  Mwenye daftari naye hulipia leseni kila mwaka katika ofisi hiyohiyo, lakini siku ombi la duka kubwa linapowekwa mezani hayumo chumbani, na yule aliyeandikwa ndani ya daftari hajui hata kwamba kuna kikao.